Lango la Watatu

Kisanamu kile nilikinunua mimi. Si baba mtu, si mama mtu. Mimi, bibi yake, kwa mkono huuhuu unaoshika sindano. Nalisema hilo mapema kwa sababu walikuja watu wawili wakakigombea kana kwamba wamekizaa, na sitaki mtu aje aniambie nilijiingiza kwa yasiyonihusu. Yalinihusu, tena sana.

Kilikuwa mjusi wa plastiki mwenye mbawa, urefu wa kidole cha kati, kasimama juu ya kitako cha duara. Dukani nilimwambia muuzaji, "Mijusi ninayo tele ukutani kwangu, ya bure, na inatembea." Muuzaji akacheka. Mjukuu wangu hakucheka. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, kimya, na kwa mtoto yule kukaa kimya lilikuwa jambo la kuitia daktari. Tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akila, aliongea akioga, na mama yake anaapa kwamba hata usingizini alikuwa anabishana na watu. Basi nilipomwona kanyamaza vile, nikajua kisanamu kimempata, nikakinunua.

Visanamu hivyo vina gemu lake. Kuna sahani nyeusi inayounganishwa na mashine, na mashine inaunganishwa na televisheni. Ukimsimamisha mjusi juu ya sahani, sahani inawaka taa, na papo hapo mjusi anatokea kwenye televisheni yu hai, anaruka, anatema moto, anapigana na madude. Ukimwondoa, anatoweka. Na mambo yake yote, jina ulilompa, nguvu alizopata, kofia uliyomvisha, hayakai kwenye mashine. Yanakaa ndani ya kile kitako chake. Ukimbeba ukampeleka nyumba nyingine, ukamweka kwenye sahani nyingine, anatokea vilevile ulivyomwacha. Chiriku alinieleza hayo mara nyingi hata nikajikuta nayajua bila kutaka.

Na hapo kwenye nyumba nyingine ndipo penye kisa.

Baba yake ni fundi wa lifti, mtu wa kushinda ndani ya mashimo ya maghorofa, grisi hadi kwenye nyusi. Mama yake, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, anapima watu macho kliniki. Kutwa nzima ni "Soma mstari wa juu. Sasa wa chini." Waliachana Chiriku akiwa bado anavaa nepi. Waligawana vitu hadi vijiko, halafu, kama walioambiana, wakaanza kununua kila kitu mara mbili. Baba akinunua baiskeli, mama naye anunue baiskeli. Baba alinunua ile mashine ya gemu na visanamu vyake. Haikupita wiki mama naye ana mashine, ana visanamu. Kukomoana tu. Wenzenu wakigombana huvunja sahani, hawa walikuwa wakigombana wanaongeza sahani.

Na sheria ikawekwa: cha kwa baba kilale kwa baba, cha kwa mama kilale kwa mama. Hata soksi. Mtoto akifika kwa mama amevaa soksi za kwa baba, zitavuliwa, zitafuliwa, zitafungwa kwenye mfuko, na mfuko utaletwa kwangu ukabidhiwe mwenyewe. Kwa nini kwangu? Kwa sababu wale mabwana na mabibi hawakutaka kuonana uso kwa uso. Ijumaa mama anamleta Chiriku kwangu, anamwacha, anaondoka. Baadaye kidogo baba anakuja kumchukua. Jumapili hivyohivyo kinyume chake. Mimi na cherehani yangu tukawa stesheni.

Ila mjusi hakuwa wa kwa baba wala wa kwa mama. Alikuwa wa kwa bibi. Kwa hiyo sheria haikumshika, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na pasipoti. Mtoto akawa anahama naye kila anakokwenda. Mara ya kwanza nilipomwona kamtia ndani ya soksi, nilimfokea kwamba atavunjika mguu, akaniuliza, "Nani, mimi au yeye?" Nikamshonea mfuko. Kila gauni lake, kila sare ya shule, upande wa kushoto kwa ndani, niliweka kijimfuko cha kitambaa cha shuka chenye kifungo kimoja. Mimi hushona foronya, mapazia na makasha ya kufunikia makochi, kazi kubwakubwa, lakini sijawahi kushona kitu kwa makini kama vile vijimfuko.

Akifika kwangu, kabla hata ya kunisalimia, anakwenda moja kwa moja kwenye kopo la vifungo.

"Shikamoo bibi, leo amepigwa sana, amechoka, mpishe." Anafukua vifungo kwa vidole, anamlaza mjusi katikati, anamfunika hadi shingoni.

"Marahaba. Na wewe hujachoka?"

"Mimi nacheza tu, bibi. Yeye ndiye anapigwa."

Akanieleza kwamba ndani ya gemu, kisanamu kikipigwa sana kinaishiwa nguvu. Hapo kioo kinaandika kwamba fulani amechoka, mwondoe kwenye sahani, weka mwingine. Uliyemwondoa anapumzika, na baada ya muda anarudi mzima.

"Basi si uweke mwingine?" nikamuuliza. "Una sanduku zima kwa baba, una sanduku zima kwa mama."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Mwingine siye, bibi. Mimi siweki mwingine. Mimi namsubiri."

"Unakaa tu unasubiri?"

"Nakaa tu. Tena kwako ndiko anakopumzika vizuri, kwa sababu huna mashine."

Nilicheka siku ile. Sikujua kama nitakuja kuyatafuta maneno hayo moja moja.

Sasa sikilizeni habari ya lango, maana ndilo lililokuwa linamnyima raha. Mbele huko ndani ya gemu kuna lango la mawe, na chini ya lango kuna mawe matatu ya kukanyagia. Wachezaji watatu, kila mmoja na kisanamu chake, wasimame juu ya mawe yale kwa wakati mmoja. Mawe yawake yote, lango lifunguke. Wakiwa wawili halifunguki. Hata kwa dawa.

"Kwa baba tuko wawili," Chiriku akasema, mdomo umejaa mkate. "Baba anacheza na jiwe lenye miguu. Kwa mama tuko wawili. Mama anacheza na kobe. Lango liko nyumba zote mbili, na nyumba zote mbili limefungwa."

"Mwite rafiki yako."

"Nataka wale wawili."

"Haya, mimi nitakuwa wa tatu."

Akanitazama mikono, akanitazama miwani, akanishika bega kwa huruma. "Bibi, wewe utaanguka mtoni."

Aliwaomba wazazi wake, si mara moja. Baba akasema, "Mama yako akikubali, mimi sina neno." Mama akasema, "Baba yako akija kuniomba mwenyewe, nitafikiria." Kila mmoja kauweka mlango wazi kidogo na kukaa nyuma yake akingoja mwenzake asukume. Mtoto akarudi kwangu na majibu yote mawili, akanisimulia kwa sauti za wenyewe, ya baba na ya mama, akiwaiga hadi kukunja uso. Nilicheka hadi nikajichoma kidole. Yeye akasema, "Si ya kucheka, bibi." Na kweli haikuwa.

Kisha akaumwa. Homa ya uti wa mgongo. Jumatatu alilalamika kichwa na shingo, na kabla wiki haijafika katikati alikuwa kitandani hospitali, hatujui kama anatusikia. Baba upande mmoja wa kitanda, mama upande wa pili. Nataka niwaambie walishikana mikono, lakini uongo sina haja nao. Walikuwa wanasemeshana kupitia kwangu. "Mama, mwambie ahamishe kiti chake." "Mama, mwambie daktari amesema asifunikwe sana." Chiriku katikati, kimya. Nilijua tangu kwenye ule ukimya. Mwenye kunyamaza vile alikuwa si mjukuu wangu tena. Akafariki asubuhi, jua likiwa limetoka na watu wa usafi wanapiga deki korido.

Nililia mimi, jamani. Nililia nikiwa nimekaa sakafuni hapo korido, na mfanyakazi wa usafi akaweka ndoo chini akakaa nami.

Muuguzi alitoka na mfuko wa nguo zake, akasimama mbele ya wazazi, hajui ampe nani. Wote wawili wakanyoosha mikono. Nikainuka nikauchukua mimi. Nyumbani nikaikunjua ile sare ya shule, nikapapasa upande wa kushoto kwa ndani. Kifungo kilikuwa kimefungwa. Mjusi alikuwemo.

Nikamweka kwenye kopo la vifungo.

Siku za mwanzo watu walijaa, hakuna aliyemkumbuka mjusi. Baadaye watu wakapungua, kila mtu na kwake, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwanangu akaja wa kwanza, Ijumaa, saa ileile aliyozoea kumleta. Alikaa kwenye kigoda cha mtoto, magoti kidevuni, akaniuliza yuko wapi yule mjusi.

"Unamtakia nini?"

"Nimweke kabatini, kwenye kioo. Asiguswe na mtu. Mama, lile gemu linajihifadhi lenyewe. Ukicheza kidogo tu, yaliyokuwepo yanafunikwa na mapya. Mle ndani kuna alichofanya yeye mara ya mwisho. Kofia aliyomvisha yeye. Nikimruhusu yule mtu amcheze, basi vya mwanangu vimefutika."

Yule mtu. Nikamkata jicho.

Akaondoka. Haikupita saa, fundi lifti huyo mlangoni. Saa yake naye aliyozoea, ya kuchukua. Alisimama kizingitini, mkono mtupu unaning'inia, hajui pa kuuweka. Mimi bado namwita mkwe wangu, maana mimi sikumpa talaka.

"Mama, naomba mjusi," akasema. "Nataka nicheze naye. Nikicheza naye namwona. Jina lake linatokea pale juu, anaruka vile alivyomfundisha. Nikimweka kabatini ni plastiki tu, mama. Ni plastiki tu!" Akalia amesimama, mafuta ya mashine yakachanganyika na machozi, akajipaka uso mzima.

Nikawaza, kumbe hawa wanagawana tena, safari hii kaburi. Nikimpa huyu, yule atakufa. Nikimpa yule, huyu atakufa. Na wote walikuwa wananingoja mimi, kwa sababu nilinunua mimi. Wiki nyingi nilikaa na kopo lile karibu na mguu wa cherehani, nikihitaji kifungo nachomoa kwa kubahatisha, sitaki kuangalia ndani. Kila Ijumaa walikuja, mmoja akitoka mwingine akiingia, kana kwamba bado kuna mtoto wa kukabidhiana.

Mwisho nikachoka. Nikampigia mwanangu: Jumapili, saa tisa, uje na kobe wako. Nikampigia mkwe: Jumapili, saa tisa, uje na mashine yako, sahani, pedi za kuchezea na lile jiwe lenye miguu. Mwanangu akauliza, "Kwani kuna nini?" Nikamwambia, "Kuna mama yako, anakuita. Au siku hizi hiyo haitoshi?"

Aliyetangulia ni baba mtu, na mfuko wake wa vifaa begani. Mwanangu alipofika akaviona vile viatu vikubwa vya kazi mlangoni, akageuka palepale. Nikamdaka mkono. Nina nguvu za mikono mimi, nakunja makasha ya makochi.

"Mama, umenifanyia nini?"

"Nimekupa kiti. Kaa."

Wakakaa, mmoja mwanzo wa kochi, mwingine mwisho wake. Nikaliweka kopo la vifungo mezani.

"Mwambie," akasema mwanangu, "kwamba akimweka kwenye sahani, vya mtoto vinafutika."

"Mwambie," akasema mkwe, "kwamba hata asipomweka vitafutika. Kumbukumbu ya kile kitako haidumu, mama. Ni kama betri ya saa. Miaka itapita, siku moja atamtoa kabatini amweke, mjusi atatokea hana jina. Mtupu. Kama ametoka dukani jana."

Mwanangu akanigeukia mimi, si yeye. "Ni kweli hayo?"

"Mimi ni mshona mapazia, nitajuaje? Muulize anayejua, yuko hapo, hajafa." Neno likanitoka vibaya, nikajuta, likaning'inia pale chumbani. Nikaendelea kabla halijatua. "Sikilizeni ninyi. Mtoto alikuwa na ombi moja. Hakuomba baiskeli mbili, wala mashine mbili. Alitaka watu watatu mbele ya lango lile. Ninyi mkamrusha, huyu 'akikubali,' huyu 'akija kuniomba.' Mimi nilikuwepo, alinisimulia kwa sauti zenu. Sitampa mjusi mtu. Lakini leo tutakwenda langoni, tukirudi, mjusi wangu anarudi koponi kwake. Asiyetaka, mlango ule pale."

Hakuna aliyeondoka.  Mwanangu akasema, polepole, "Mwambie kofia isiguswe."

"Haitaguswa," akajibu mkwe, amemtazama yeye mwenyewe.

Akaunganisha nyaya kwenye televisheni yangu. Fundi ni fundi, vidole vilitulia vilipopata kazi. Nikafukua vifungo nikamtoa mjusi, nikampangusa kwa upindo wa gauni langu, nikamsimamisha juu ya sahani, kati ya jiwe na kobe. Taa ikawaka. Akatokea.

Kofia yenyewe ilikuwa ya mpishi, ndefu, nyeupe, imekaa upande. Na juu ya kofia pameandikwa jina. Mimi nilidhani angempa jina la kutisha, la simba au radi. Kumbe alimpa lake. CHIRIKU, kwa herufi kubwa, likielea kichwani mwake kila anakogeuka. Baba yake alilijua. Mama yake naye alilijua, lakini alishakata tamaa ya kuliona tena. Alipoliona aliinuka akaenda hadi kwenye televisheni, akaligusa kwa kidole, akabaki ameegemeza paji la uso kwenye kioo.  Mjusi akawa anarukaruka peke yake akingoja kuongozwa.

"Nani atamshika yeye?" mkwe akauliza, pedi ya tatu mkononi.

Wote wakanitazama mimi.

"Mimi nitaanguka mtoni," nikasema.

Na nilianguka. Mungu wangu, nilianguka! Kuna daraja la magogo, jiwe likapita, kobe akapita, mimi nikamwongoza Chiriku moja kwa moja kwenye maji. Akarudishwa ukingoni. Nikaanguka tena. "Mama, kushoto!" "Mama, hicho ni cha kurukia, hicho ni cha moto!" "Mnanipigia kelele za nini, mimi nina cherehani ya mguu, haya mavidude ya vidole nimeyajulia wapi?" Nikatema moto, nikamchoma kobe. Mwanangu akacheka. Kicheko kilimtoka puani, kwa nguvu, akajiziba mdomo kama aliyetukana kanisani. Mkwe naye mabega yanatikisika. Nikaona wamesogea, kochi lile ni langu, nimelishonea mwenyewe kasha, najua mishono yake, na walikuwa wameshapita mshono wa katikati bila kujua.

Tukafika langoni.

Lilikuwa vile alivyonieleza, kubwa, mawe matupu, na chini yake mawe matatu ya kukanyagia. Mkwe akapanda la kwanza, likawaka. Mwanangu akapanda la pili, likawaka. Likabaki la kati.

"Njoo, mama. Polepole. Usiruke. Tembea tu."

Nikatembea. Naapa nilitembea. Lakini pembeni pale kulikuwa na dude linalorusha mawe, na wenzangu hawawezi kulipiga bila kushuka walipo, na mimi nikitafuta kitufe cha moto nabonyeza cha kuruka. Jiwe la kwanza likampata. La pili likampata. Kofia ikatikisika. Alikuwa amebakiza hatua kidogo sana, ningekuwa na vidole vya mtoto ningefika. La tatu likampata akapiga magoti, na sahani ikageuka kuwaka nyekundu.

Muziki ukashuka. Maandishi yakatokea, mistari miwili. Miwani yangu ilikuwa imejaa ukungu, sioni kitu.

"Imeandika nini?"

Mkwe akasoma wa juu. "Chiriku amechoka." 

"Na wa chini?"

 Mkono wa mkwe ulikuwa umeshaingia kwenye mfuko wa vifaa, kwa mazoea tu, maana alikuwa amekuja na wengine mle, nusu ya sanduku, majini na mazimwi ya kila rangi. Ukabakia humo ndani, haukutoka na kitu.

"Wa chini unasemaje?" nikauliza tena.

Akausoma mwanangu. Ndiyo kazi yake, kusomesha watu mstari wa chini, na aliusoma kwa sauti ileile ya kliniki, wazi, bila kutetemeka. "Mwondoe. Weka mwingine."

Tukakaa. Jiwe na kobe wamesimama juu ya mawe yao yanayowaka, jiwe la kati giza.

Kisha mwanangu akageuka. Hakunigeukia mimi. Tangu waachane sikuwahi kumsikia akisema neno moja kwa moja kwa mwanamume yule, na sasa alimtazama usoni, kwa yale macho yake yanayopima macho ya wenzake.

"Hatuna mwingine," akamwambia.

"Hatuna, mama Chiriku," akasema. "Hatuna."

Akautoa mkono mfukoni. Akaweka pedi sakafuni, akajifunika uso, na mwanangu akamlalia mgongoni, wakalia wote wawili kilio ambacho walipaswa kukilia pale hospitali, kila mmoja akimwita mtoto kwa lile jina.

Nikamtoa mjusi kwenye sahani. Kwenye televisheni akatoweka, kofia na jina na yeye. Nikavuta kopo, nikafukua vifungo, nikamlaza katikati, nikamfunika hadi shingoni kama alivyotaka.

Mkwe akainua uso. "Mama, tukizima tukawasha tena, atakuwa amepona. Tunaweza kujaribu upya."

"Yeye hakuwa anazima," nikasema. "Wala hakuwa anaweka mwingine. Alikuwa anasubiri tu, apumzike."

"Anasubiri mpaka lini?" mwanangu akauliza.

 Alinieleza mambo yote ya gemu lile, yule mtoto, mpaka nikamwambia nyamaza kichwa kinaniuma, lakini hilo sikumuuliza. Basi tukasubiri, sisi watatu kwenye kochi moja, kopo la vifungo mapajani mwangu, na kwenye kioo yale maandishi yakabaki palepale, yakituomba tuweke mwingine.